Upinde wa Ikulu na Upinde wa Porini

Kaskazini mwa Lubumbashi, kuelekea maziwa ya bonde la Upemba, ndiko kwa Waluba. Masimulizi yao yanamtaja Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki. Mwanawe, Kalala Ilunga, alimshinda Nkongolo Mwamba akatwaa ufalme. Kwa kuwa ukoo huo ulitokana na mwindaji, upinde ukawa alama ya enzi. Mafundi walichonga vishikio vya kuwekea pinde, vyenye matawi matatu na sura ya mwanamke, vyenye mguu wa chuma. Vilitunzwa ndani, mbali na macho ya watu.

Upinde wa porini ulikuwa na maisha mengine kabisa.

Shabaha yake huanzia kwenye upote, yaani kamba ya upinde. Ukilegea, huchapa mkono ulioshika upinde na mshale huyumba. Mpigaji huuvua, huusokota kidogo ili ufupike, kisha huurudisha. Akizidisha, nguvu hupungua, kwani upote husukuma mshale kwa umbali mfupi zaidi.

Mshale nao huchaguliwa, na hapa ndipo wengi hukwama. Unapoachiwa hujipinda ili kuupita mti wa upinde. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mgumu mno huelekea kushoto. Ulio laini mno, kulia.

Yanayobaki ni ya mwili. Mkia wa mshale hukaa mahali palepale kwenye upote, vidole hufika palepale shavuni, kisha huachia bila kunyakua. Mkono wa upinde haushuki mpaka mshale ugonge.