Msasa na namba zake

Waandishi wa habari wamelipenda mno neno hili. Madiwani wanapigwa msasa, waamuzi wa soka wanapigwa msasa, walimu wapya wanapigwa msasa ukumbini siku mbili kisha wanapewa vyeti. Katika matumizi hayo msasa hung'arisha: mtu ameingia butu, ametoka anameremeta. Fundi anayepaka upya makabati ya jikoni huku Segerea, Dar es Salaam, angeshangaa kidogo. Msasa wake, kwa sehemu kubwa ya kazi, ni wa kuondoa mng'ao.

Kabati la mninga lililopakwa vanishi miaka mingi iliyopita lina uso mgumu na laini kama kioo. Rangi mpya ikipakwa juu yake hivyo hivyo hukauka vizuri tu, na mwenye nyumba hufurahi. Halafu huanza kubanduka kwenye vishikio na pembezoni mwa milango, pale mikono inapovuta kila siku. Rangi inahitaji mikwaruzo midogo ya kuingia na kujishikiza, na kazi ya msasa ni kuitengeneza mikwaruzo hiyo bila kuacha mifereji itakayoonekana baadaye.

Nilikuwepo kwenye nyumba moja upande wa Segerea Mwisho mwenye kabati aliporudi kutoka sokoni na kukuta milango imepauka, imekuwa na ukungu mweupe.

“Fundi, mbona umeniharibia kabati langu?”

“Mama, likiendelea kung'aa rangi haitashika.”

Fundi akapangusa vumbi kwa kitambaa, akainamisha mlango kuelekea dirishani. Karibu na bawaba palikuwa na alama ndogo, upana wa kidole, bado inameta. Akairudia hiyo.

Neno lenyewe limetoka porini. Msasa ni mti wa jamii ya mikuyu, ambao wanasayansi wanauita Ficus exasperata. Majani yake yana vinywele vigumu vyenye silika, na ukilipitisha jani kwenye ubao linakwangua kwelikweli. Maseremala waliyatumia kulainishia kazi zao kabla ya karatasi ya dukani. Karatasi ilipofika (Mmarekani Isaac Fischer alipata hataza ya kutengeneza karatasi za namna hiyo mwaka 1834) ikarithi jina la jani, wala hakuna aliyehitaji kuunda istilahi. Ukivuka hadi Zimbabwe, hata hivyo, jihadhari: musasa wa Washona ni mti mwingine kabisa, wa kundi la miyombo, na majani yake hayana kazi kwa seremala.

Panapokosewa zaidi ni kwenye namba. Mteja akisikia “msasa namba 400” hudhani ndio mkali kuliko wote. Ni kinyume chake. Namba ilianzia kwenye chekeche la kuchujia punje: kadiri matundu yanavyokuwa mengi ndani ya inchi moja, ndivyo punje zinazopita zinavyokuwa ndogo. Punje ya namba 80 ina upana wa takriban milimita 0.2, ya 120 kama milimita 0.125, na ya 400 haifiki hata milimita 0.04. Mfasiri wa vitabu angeweza kuandika “kipimo cha punje” na asingekosea, lakini kwenye duka la vifaa vya ujenzi watu wanaomba namba, na sioni sababu ya kuwasumbua.

Kwa kabati, 80 au 120 huondoa vanishi iliyochakaa, 220 husawazisha baada ya puti, na 320 au 400 hupitishwa kwa mkono mwepesi kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine. Kabla ya yote hayo kabati la jikoni lioshwe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, maana msasa ukipita juu ya mafuta ya kukaangia unayasambaza na kuyasukumia ndani.

Kuna pia msasa wa maji, ule mweusi unaopendwa na mafundi wa rangi za magari. Hauna kosa lolote, ila usiguse ubao mtupu, na hasa MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi: ikinywa maji huvimba kingo, na ikishavimba hairudi.

Vumbi ni suala jingine. La mninga peke yake huwasha pua. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, jambo ambalo shirika la AGENDA la Dar es Salaam limelipima na kulipigia kelele. Kabati la namna hiyo lipigwe msasa nje, fundi amevaa barakoa, watoto wakiwa mbali.

Kwenye karatasi ya makadirio, yote haya huandikwa neno moja: “msasa”, na bei mbele yake. Muulize fundi ni wa namba zipi na atapiga mara ngapi. Akijibu “mara moja tu, mama, halafu tunapuliza”, basi hajapanga kupiga kati ya mikono ya rangi, na bei hiyo bado ina nafasi ya kushuka.