Sarangi Nje ya Lango la Hekalu

Kurasa za maadhimisho kama hizi huzisifu zaidi tabla na kengele, ala zilizokaa daima ndani ya ibada. Safari hii tunaieleza sarangi ya Nepali, ambayo wapigaji wake walisimama nje.

Anayelijua zeze hatahitaji maelezo marefu. Sisi wa Hirbadaw, chini ya Mlima Hanang, zeze tunalijua kwa Wagogo, upande wa Dodoma: kibuyu, nyuzi na upinde. Sarangi haina kibuyu. Huchongwa katika kipande kimoja cha mti, sehemu ya chini ikawambwa ngozi, kisha nyuzi nne zikavutwa juu yake. Mpigaji hazikandamizi kwa ncha za vidole, bali huzigusa ubavuni kwa kucha, na hapo ndipo hutoka ile sauti inayokaribia kilio cha mtu.

Wenye ala hiyo ni Wagandharva. Walitembea kijiji hadi kijiji wakiimba habari za vita, za wafalme na za miungu, wakalipwa nafaka. Hata hivyo sheria ya mwaka 1854, iliyoitwa Muluki Ain, iliwaweka katika tabaka la wasioguswa. Basi wimbo wa Mungu ulipokewa, mwimbaji akabaki uani. Tunayaandika haya katika kitabu cha hekalu kwa makusudi, kwa kuwa sheria ile ilijitetea kwa jina la dini yetu. Sheria mpya ya mwaka 1963 iliufuta ubaguzi huo katika maandishi. Mioyoni ulichelewa kufutika.

Mwaka 1965 Jhalakman Gandharva aliingia Redio Nepal na sarangi yake. Wimbo wake uliopendwa kuliko zote unamhusu askari anayekufa mbali na kwao, na mama atakayeuliza habari zake. Redio ikaupeleka ndani ya nyumba ambazo mwenyewe asingekaribishwa kuvuka vizingiti vyake.

Huku kwetu, Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliitwa na Mwalimu Nyerere kwenda Dar es Salaam, kisha akaishi Bagamoyo na kulifikisha zeze Ulaya na Japani. Hatujui kama wawili hao walipata kusikilizana. Jhalakman alifariki Novemba 2003. Zawose akamfuata mwezi uliofuata.