England: wakala wa ardhi na dili la bioanuwai

Wadau, huko England tangu Februari 2024 anayejenga mradi mkubwa lazima aache makazi ya mimea na wanyama yakiwa bora kwa asilimia 10 kuliko alivyoyakuta. Eneo lake lisipotosha, ananunua "yuniti" kwa mwenye shamba. Hapo ndipo wakala wa ardhi anapoingia: analeta mtaalamu wa ikolojia apime shamba, anakaa na wanasheria, analisajili Natural England, anasaka mnunuzi. Mshiko upo, ila mkataba ni miaka 30! Ukishasaini, hapo hulimi tena ngano, na ukifa mzigo unamwangukia mrithi. Wakala mzuri (wapo wa kamisheni tu) atakwambia utoe kile kipande chenye mavuno hafifu, na sehemu ya malipo uiweke kwa matunzo ya miaka yote hiyo.