Fahamu: Jinsi Minimoog, kinanda cha mwaka 1970, kinavyoishi ndani ya simu na kompyuta

Minimoog Model D ni sintesaiza ya analogi iliyotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1970 hadi 1981. Ina uzito wa zaidi ya kilo 10, na leo iliyo nzima inauzwa kwa maelfu ya dola. Lakini sauti yake inasikika kila siku kwenye nyimbo za watu ambao hawajawahi kuigusa, kwa sababu kuna programu za simu na kompyuta zinazoiiga.

Inaigwaje? Je, ni sauti ileile? Na programu ikifa, sauti inabaki kwa nani? Haya ndiyo ya kufahamu.

Minimoog ni nini?

Robert Moog alikuwa mhandisi aliyezaliwa New York mwaka 1934. Mwaka 1964 alianza kutengeneza sintesaiza kubwa, mfano wa kabati, ambazo mpigaji alilazimika kuunganisha sehemu zake kwa nyaya nyingi. Zilikaa studio na vyuoni. Kubeba hadi jukwaani ilikuwa shughuli.

Bill Hemsath, mhandisi katika kampuni ya Moog huko Trumansburg, akaja na wazo la kuweka sehemu muhimu tu ndani ya boksi moja lenye kibodi. La kwanza aliliunda kwa vipande vilivyokuwa vimebaki karakana. Baada ya majaribio kadhaa ikazaliwa Model D.

Ilikuwa na vibonyezo 44, ubao wa vitufe vya kuzungusha unaoinuka kwa nyuma, na magurudumu mawili upande wa kushoto ya kupindisha na kutikisa sauti. Bei yake ilikuwa karibu dola 1,500. Hadi uzalishaji ulipoisha zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 12,000.

Inapiga noti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza mbili kwa pamoja, inasikika ile ya chini. Inaonekana ni upungufu, lakini kwa besi na sauti za kuongoza ndiyo iliyovuma. Kraftwerk wa Ujerumani waliitumia kwenye Autobahn mwaka 1974. Besi nzito ya Flash Light ya kundi la Parliament ilipigwa na Bernie Worrell kwa Minimoog.

Sauti yake inatoka wapi?

Ndani kuna hatua tatu kubwa.

*Osileta.* Ziko 3. Kazi yake ni kutoa mawimbi ya umeme ya maumbo tofauti: pembetatu, msumeno, mraba na mengine. Zikipigwa pamoja huku zimepishana kidogo tu, sauti inakuwa nene.

*Filta.* Hii inakata sauti kali za juu na kuacha za chini. Ndiyo moyo wa Minimoog.

*Kikuza sauti.* Hiki kinaamua noti ianze ghafla au polepole, na izimike vipi.

Filta yake inaitwa filta ya ngazi. Transista zimepangwa jozi juu ya jozi kama vipandio, na kati yake kuna kapasita. Kuna hatua 4, na kila moja inapunguza desibeli 6 kwa oktavu. Jumla ni desibeli 24, yaani inakata kwelikweli. Moog alipewa hataza ya filta hiyo Oktoba 1969.

Programu haichezi rekodi

Wengi wanadhani programu ya Minimoog ni rekodi za kinanda halisi zilizowekwa kwenye vibonyezo. Vinanda vya aina hiyo vipo, ila programu tunazozizungumzia hazifanyi hivyo.

Rekodi ni kama picha ya gari. Unaliona, lakini huliendeshi. Ukitaka kuzungusha filta taratibu wakati noti inalia, rekodi haiwezi kukufuata.

Uigaji unafanya kitu kingine. Wahandisi wanachukua mchoro wa saketi, wanaandika hesabu za tabia ya kila sehemu, kisha kompyuta inazipiga hesabu hizo papo kwa papo. Kwa ubora wa kawaida wa CD, hesabu inarudiwa mara 44,100 kwa sekunde moja. Kila unapogusa kitufe, hesabu inabadilika, na sauti nayo inabadilika.

Ugumu uko wapi?

Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Ukweli ni kwamba mambo manne yamewasumbua wahandisi kwa miaka.

*1. Transista haiendi sawasawa.* Ukiisukuma kwa nguvu kidogo, inapitisha sauti vizuri. Ukiisukuma zaidi, inaanza kuiminya na kulainisha kingo zake. Wanamuziki wanauita huo "ujoto". Programu za mwanzo ziliiga filta kana kwamba ni safi, zikatoka na sauti baridi.

*2. Sauti inayorudi.* Kwenye filta ya ngazi, sehemu ya sauti inayotoka inarudishwa kuingia tena, na hapo ndipo mlio wake wa kuimba unapopatikana. Kwenye saketi, kurudi huko ni kwa papo hapo. Kompyuta inahesabu hatua kwa hatua, kwa hiyo sauti inayorudi inachelewa hatua moja. Kucheleweshwa huko ni kudogo sana, lakini kunatosha kuitoa filta kwenye tyuni kadiri unavyoifungua.

*3. Milio isiyoalikwa.* Wimbi la msumeno lina kingo kali, na ndani yake kuna sauti za juu kupita uwezo wa mfumo wa dijitali. Zisipodhibitiwa zinarudi chini kama milio ya ajabu isiyo kwenye wimbo. Dawa yake ni kuhesabu kwa kasi mara mbili au zaidi, kisha kuondoa ziada. Hiyo inakula prosesa, na kwa simu inakula chaji.

*4. Kuyumba.* Osileta za zamani zilipanda na kushuka kulingana na joto. Mpigaji aliiwasha mapema ili ipate moto kwanza. Programu ikiwa imetulia mno, sauti inakosa uhai, kwa hiyo wahandisi wanaongeza kuyumba kidogo kwa makusudi.

Yaani kazi kubwa ya kuiga Minimoog ni kuiga mapungufu yake.

Safari yake kwa miaka

- 1996: Tim Stilson na Julius Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford wanachapisha uchambuzi wa namna ya kuipeleka filta ya Moog kwenye dijitali. Mwaka huohuo kampuni ya Steinberg ya Ujerumani inaleta mfumo wa VST.
- 1999: VST inaboreshwa na kuruhusu vinanda vya programu kufanya kazi ndani ya programu ya kurekodia. Soko linafunguka.
- 2003: Arturia, kampuni ya Grenoble nchini Ufaransa, inatoa Modular V, programu inayoiga yale makabati ya zamani. Robert Moog mwenyewe alishirikiana nao. Minimoog V inafuata mwaka 2004.
- 2004: Antti Huovilainen wa Finland anaonyesha njia ya kuweka tabia ya kuminya ya transista katika kila hatua ya filta. Njia yake inatumiwa sana baadaye.
- 2005: Moog anafariki Agosti 21 huko Asheville, North Carolina.
- 2012: Mei 23, siku ambayo angetimiza miaka 78, Google inaweka kwenye ukurasa wake wa mbele sintesaiza ndogo ya kuchezeka. Watu wengi wanaigusa "Minimoog" kwa mara ya kwanza kupitia kivinjari.
- 2013: Native Instruments ya Berlin inatoa Monark.
- 2018: Kampuni ya Moog yenyewe inatoa aplikesheni ya Minimoog Model D kwa iPhone na iPad, bei dola 14.99.
- 2020: Machi, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya UVIKO-19, Moog inaitoa aplikesheni hiyo bure kwa muda.

Je, inafanana kweli?

Ndani ya wimbo wenye ngoma, gitaa na waimbaji, ni vigumu sana kutofautisha. Tofauti hutafutwa pembeni: pale filta inaposukumwa mpaka ianze kulia yenyewe, au sauti inapotikiswa kwa kasi kubwa.

Kuna jambo jingine. Hakuna Minimoog mbili zinazolia sawasawa. Vipuri vyake vina miaka zaidi ya 40, vingine vimebadilishwa. Kwa hiyo swali si kama programu inafanana na Minimoog, bali inafanana na Minimoog ipi. Softube ya Sweden iliita programu yake Model 72, kwa sababu walifuata kinanda kimoja cha mwaka 1972.

Na kuna mahali programu imempita baba yake. Kinanda halisi hakina kumbukumbu. Wanamuziki walichora kwenye karatasi kila kitufe kimekaa wapi ili waipate sauti ileile kesho. Programu inahifadhi kwa mguso mmoja. Aplikesheni ya Moog inaweza kupiga hadi noti 4 kwa pamoja, kitu ambacho kinanda chenyewe hakikuwahi kufanya.

Inachokosa ni mkono. Kitufe halisi unakizungusha huku macho yako kwa mashabiki. Kwenye kioo cha simu lazima utazame kidole kinaenda wapi.

Nani mwenye haki ya sauti hii?

Hataza ya filta ilishaisha muda wake miaka ya 1980, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuiga saketi. Jina ni suala tofauti. Alama ya biashara haiishi muda ilimradi mwenyewe anaitumia na kuihuisha. Ndiyo maana Minimoog V ya Arturia siku hizi inaitwa Mini V, na nyingine zina majina kama Monark na Model 72. Ukiyaona utajua kinachoigwa, lakini neno lenyewe halipo.

Jina hilo nalo limebadilisha mikono. Juni 2023, kampuni ya Moog ilinunuliwa na inMusic ya Marekani.

Hatari ambayo wengi hawaioni

Minimoog ya mwaka 1972 ikiharibika, fundi anaifungua, anatafuta transista iliyokufa, anachomelea nyingine. Mchoro wake upo. Miaka 50 na zaidi imepita na bado inapiga.

Programu haina fundi wa namna hiyo. Septemba 2017 Apple ilitoa iOS 11, na aplikesheni zote za zamani za biti 32 zikaacha kufunguka. Mwaka 2019 macOS Catalina ikafanya vivyo hivyo kwa kompyuta. Mwenye programu asipoiboresha, pesa yako na sauti ulizotengeneza zimekwenda.

Mfano unaouma zaidi ni ReBirth. Hii haikuiga Minimoog bali mashine za Roland, ikiwemo TB-303. Ilitolewa na Propellerhead ya Sweden mwaka 1997 na ikawa mlango wa muziki wa kielektroniki kwa vijana wasio na uwezo wa kununua mashine. Toleo la kompyuta lilisitishwa mwaka 2005. Likaja toleo la iPad mwaka 2010. Mwaka 2017 likaondolewa sokoni baada ya Roland kudai linaingilia haki zake.

Kwa prodyuza anayetegemea laptopu na simu tu, hili si suala la wapenda historia. Programu ndiyo kinanda chake.

Ukitaka kujaribu

- Una iPhone au iPad: aplikesheni ya Minimoog Model D ipo. Angalia bei ya siku hiyo kabla ya kulipa.
- Una Android: aplikesheni hiyo ya Moog haijatengenezwa kwa ajili yako. Kwa miaka mingi Android ilikuwa na tatizo la sauti kuchelewa baada ya kugusa kioo, jambo lililowafanya watengenezaji wengi waikwepe. Hali ilianza kuwa nzuri na Android 8 mwaka 2017, lakini inategemea simu yako.
- Una kompyuta: Surge XT na VCV Rack zinapatikana bure kwa Windows, macOS na Linux. Si nakala za Minimoog, ila zote zina filta za mtindo wa ngazi.
- Huna hata moja ya hizo: ile sintesaiza ya Google ya mwaka 2012 imehifadhiwa kwenye kumbukumbu zao za Doodle. Ifungue kwa kivinjari cha kompyuta ya kuazima.

Tumia hedifoni za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti, na spika ya simu haina uwezo wa kutoa besi, yaani utasikia nusu ya kinanda.

Na la mwisho, muhimu kuliko yote: ukipata sauti uliyoipenda, usiiache ndani ya programu peke yake. Irekodi kama faili la sauti na uliweke sehemu mbili tofauti. Programu ikigoma kufunguka miaka kumi ijayo, wimbo wako utakuwa bado unapiga.