Mlima Kati ya Same na Ligi Kuu

Kwa mujibu wa kanuni, timu yoyote ya Wilaya ya Same inaweza siku moja kuwa bingwa wa Tanzania Bara. Ikitwaa ligi ya wilaya inakwenda ligi ya Mkoa wa Kilimanjaro, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha madaraja mawili ambayo leo huitwa First League na Championship, na hapo ndipo Ligi Kuu. Wamarekani, pamoja na utajiri wao, hawajawahi kuzipa timu ndogo za vyuo vikuu haki nyoofu kiasi hicho katika futiboli yao. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Central Florida kilimaliza ligi bila kufungwa, na bado kamati ya wateuzi ikakiacha nje ya timu nne za kugombea ubingwa. Ilibidi kusubiri mpaka 2024, nafasi zilipoongezwa kuwa 12 na tano kati yake kutengewa mabingwa wa makundi ya timu, ndipo timu za makundi madogo zikahakikishiwa angalau kiti kimoja. Sisi hatuna kamati ya kumnyima mtu kiti. Hata hivyo Same haijulikani Ligi Kuu, na sababu haiko kwenye haki ya kupanda. Iko kwenye gharama ya kila kipandio, jambo ambalo mabadiliko mengi ya ligi zetu yamelipita pembeni.

Haikuwa hivi siku zote. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 bingwa alikuwa Sunderland, ambayo sasa ni Simba, na kwa miaka kumi kombe halikutoka Dar es Salaam mpaka Mseto ya Morogoro ilipolichukua mwaka 1975. Mfano unaoihusu Same zaidi ni Tukuyu Stars. Tukuyu ni mji wa wilaya tu, makao makuu ya Rungwe, lakini timu yake ilipanda daraja na kutwaa ubingwa mwaka 1986 katika msimu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata ikashuka. Wengi huisimulia habari hiyo kama kioja. Mimi naiona kama kipimo cha zama zake: pengo la fedha kati ya timu ya wilaya na timu kubwa ya Kariakoo, Dar es Salaam, lilikuwa bado linarukika. Moshi nako ilikuwepo Ushirika, iliyobeba jina la ushirika katika mkoa wa vyama vya kahawa. Kilimanjaro iliporudi Ligi Kuu kati ya 2019 na 2023, ilirudi na Polisi Tanzania, timu ya jeshi la polisi iliyotumia uwanja wenye jina hilohilo la Ushirika. Anayepanda siku hizi mara nyingi ana mwajiri nyuma yake: jeshi, magereza, kiwanda cha sukari au halmashauri ya jiji.

Same haina mwajiri wa namna hiyo. Ina tangawizi ya Mamba Miamba, mpunga wa Ndungu, mkonge wa tambarare, na vijiji vilivyotawanyika milimani. Mchezaji wa Chome au Mbaga huteremka mlima kwanza kabla hajaanza safari ya Moshi, kwa hiyo hata ligi ya wilaya ni gharama. Bingwa wa mkoa naye, kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, hupelekwa kituo kimoja, mbali na mashabiki na viingilio vyake, acheze mechi mfululizo huku akilipia malazi na chakula. Anayeishiwa fedha hutoka, awe anajua mpira au hajui.

Kwamba ngazi hii haipimi uwezo peke yake ilionekana mwaka 2016. Siku ya mwisho ya kundi la Ligi Daraja la Kwanza, ambayo sasa ndiyo Championship, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0 na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0, zikigombea kupanda kwa tofauti ya mabao. Timu zote nne ziliadhibiwa kwa kushushwa, na nafasi ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Mwaka mmoja tu baadaye Mbao hiyohiyo ilikuwa Dodoma ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba, ikafungwa 2-1. Bila adhabu ile, timu yenye uwezo wa kufika fainali ingebaki daraja la chini.

Mtu atasema: mbona Ruangwa wameweza? Kweli, Namungo, timu ya huko, ilipanda mwaka 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020 na hatua ya makundi Afrika mwaka 2021. Lakini mbunge wa Ruangwa wakati huo alikuwa Waziri Mkuu Majaliwa, na uwanja wa timu una jina lake. Wilaya ngapi zitapata bahati hiyo? Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuwabeba wadogo kutashusha kiwango. Kama maana yake ni kuongeza timu, nakubali: ligi ya timu 20 ya msimu wa 2018/19 ilikuwa ndefu mno, na kurudi 16 kulikuwa sahihi. Ila Same haihitaji kiti cha kupewa. Inahitaji mchujo wa nyumbani na ugenini, kama ule ambao timu za Ligi Kuu zinazokaribia kushuka tayari zinao, na nauli ya kuufikia. Wala fedha hazikosekani kabisa: mkataba wa televisheni uliosainiwa mwaka 2021 na Azam Media ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Sehemu ndogo yake, ikilipwa moja kwa moja kwa wenye mabasi na nyumba za wageni badala ya kupita mikononi mwa viongozi, ingetosha kuwasafirisha mabingwa wa mikoa yote kila mwaka.