Passinho, mwomboko na hii maneno ya "ngoma za kigeni"

Juzi niliweka video nikijifunza passinho, ile densi ya miguu ya haraka kutoka Brazili. Niliirekodi hapa Nakuru, mbele ya geti yetu. Maoni ya kwanza: "Wachana na ngoma za kigeni, cheza za kwenu." Sawa, basi tuongee historia kidogo.

Passinho ilianzishwa na vijana wa mitaa ya mabanda ya Rio de Janeiro mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliupenda muziki wa funk wa Rio, ambao nao ulitokana na midundo ya Miami ya miaka ya 1980. Juu yake wakachanganya samba, frevo, breki na capoeira. Kuanzia 2008 wakawa wanajibizana kwa video za YouTube. Machi 2024, bunge la jimbo la Rio likaitambua kama urithi wa utamaduni.

Na hiyo capoeira ndani yake? Ilitoka kwa watumwa Waafrika, wengi wao kutoka Angola, watu wa lugha za Kibantu, ndugu za hii ninayoandikia. Sheria ya Brazili ya 1890 iliifanya kosa la jinai. Sasa niambie, mgeni ni nani hapo?

Tuje kwa "za kwenu". Shosho wangu anacheza mwomboko. Hakuna mtu atamwambia hiyo si ya Wakikuyu. Lakini mwomboko ulishika miaka ya 1940, na kinanda chake cha kuvuta na kusukuma kilitoka Ulaya, pamoja na kucheza wawili wawili kama waltz ya wazungu. Vijana wakaongeza karing'aring'a, ile duara ya chuma inayogongwa, na nyimbo zao wenyewe. Hiyo ni enzi ambayo Wakikuyu wengi huku Bonde la Ufa walikuwa vibarua kwenye mashamba ya walowezi. Ngoma ya Muthirigu, iliyowasema wamishonari na serikali, ilikuwa imepigwa marufuku 1930.

Kwa hivyo utamaduni wetu pia ulijifunza kwa jirani, hata jirani mbaya.

Lakini aliyeandika maoni yale alinigusa mahali. Passinho naweza, mwomboko sikuwa naweza. Jumapili nikamwomba shosho anifundishe. Hatua mbili, kisha unainama. Nilikosea mara tatu, akacheka akasema, "Una haraka ya nini?"

Video ijayo tuko wawili.