Saa inayojipanga yenyewe, inasikiliza nani?

Musomaji atashangaa kukuta saa ya ukutani katika kitabu cha mila. Atasema: mila ni ndoa, ni kilio, ni ngoma, ni jina la mutoto, saa ni kitu cha duka. Lakini saa za namba za kuwaka zimeingia katika saloni nyingi za Bukavu, Uvira na Goma. Ingine inaletwa na ndugu anayetoka Bruxelles, ingine inafika kutoka Dubai ao Guangzhou katika mizigo ya wamama wachuuzi. Juu ya karatoni wameandika kwamba saa hii inajipanga yenyewe, mutu haigusi. Pale njo swali letu linaanzia. Hakuna saa inayojua saa bila kuambiwa. Ni nani anaiambia? Katika historia yetu, yule aliyesema «saa imefika» alikuwa mara nyingi ni yule aliyeamuru kazi. Ndiyo maana, mbele ya kununua, ni vizuri kuangalia nyuma kidogo.

1. Wakati mbele ya saa

Wazee wetu hawakukosa wakati, walikosa tu dakika. Jogoo la kwanza, jogoo la pili, ngombe kutoka, jua la utosi, ngombe kurudi, watu kulala: siku ilikuwa imepangwa tayari. Kwa Bashi, mifugo ilionyesha saa. Katika pori la Barega, ngoma ya muti ilipeleka habari ya kilio ao ya mukutano toka kijiji mupaka kijiji, na kila mutu alijua atoke wakati gani ili afike na mwanga.

Kulikuwa pia sababu ya inchi yenyewe. Bukavu iko karibu sana na ikweta, kama digri mbili na nusu tu upande wa kusini. Kati ya siku ndefu kabisa ya mwaka na siku fupi kabisa, tofauti haifike dakika 20. Jua linatoka na kuingia karibu saa ile ile mwaka muzima. Mutu wa Ulaya, ambaye kwake usiku wa Desemba unameza siku, hawezi kutumainia jua kama saa. Sisi tuliweza.

2. Saa iliyokuja na luga

Neno «saa» lenyewe ni mugeni. Limetoka kwa Waarabu, likapita Zanzibar, likafika kwetu na misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka wa 1871, alikuta wafanya-biashara wa pwani wamekwisha kukaa pale. Katika miaka ile ile ya 1870 Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake. Pamoja na Kiswahili ikaingia njia ya kuhesabu: saa moja ni saa ya kwanza nyuma ya jua kutoka, saa kumi na mbili ni jua kuingia. Na maneno ya sala yakabaki katika kinywa cha kila mutu, Mukristo na Muislamu: alfajiri, mangaribi. Hata masomo makubwa ya Wajesuiti hapa Bukavu inaitwa Alfajiri, na hakuna anayeona neno lile ni la kigeni.

Njia hii ya kuhesabu ilikubaliwa upesi juu ililingana na jua letu. Haikuomba mashine. Mutu anaangalia mbingu na kusema «saa tatu», na hakosei sana.

3. Saa ya kazi

Mwaka wa 1884 mikutano miwili ilifanyika mbali na sisi. Mwezi wa Oktoba, huko Washington, wajumbe wa serikali nyingi walikubali kwamba hesabu ya saa za dunia ianzie Greenwich, katika Uingereza. Mwezi wa Novemba, huko Berlin, wengine walianza kuzungumza juu ya bonde la mto Kongo. Hakuna Mukongomani aliyeitwa, si kule, si huku. Katika majira mamoja tu, watu wa mbali walichora mipaka yetu na walipanga saa yetu.

Nyuma yake ikaja kengele. Kengele ya misioni, kengele ya masomo, kengele ya shamba la kinini na la majani ya chai, kengele ya kambi la wachimbaji kule Kamituga na Kalima. Mara nyingi haikuwa hata kengele: kilikuwa kipande cha reli ao janti ya gari, imetundikwa kwenye muti na kupigwa na chuma. Tangu mwaka wa 1917 serikali ya Wabelgiji iliweza kulazimisha mwanakijiji kulima mimea iliyoamuliwa, mupaka siku 60 kwa mwaka. Basi wakati ukawa deni. Si tena «jua limefika wapi?», bali «umebakiza siku ngapi?»

Luga yetu imetunza alama ya mambo yale. Sikiliza namna tunavyotaja siku za juma huku mashariki: kazi moja, kazi mbili, kazi tatu… Kisha siku ya posho, halafu siku ya yenga. Posho ni chakula ambacho kampuni iligawanya kwa wafanyakazi mwisho wa juma. Leo kambi nyingi zimekufa, makampuni yale yamefungwa ao yamebadilika jina, lakini siku ya sita imebaki na jina la mugao wa unga. Mutoto aliyezaliwa jana anasema «posho» bila kujua kwamba anasoma historia ya babu yake.

4. Saa mbili katika inchi moja

Kongo ni kubwa, na jua haliwezi kuitokea yote mara moja. Kati ya Kinshasa na Bukavu kuna karibu digri 13 na nusu kwenye ramani. Jua linatutokea sisi kama dakika 54 mbele ya wao. Ndiyo maana inchi ina saa mbili. Upande wa Kinshasa, Kongo ya Chini, Bandundu na Equateur za zamani, ni saa moja mbele ya Greenwich. Upande wetu, pamoja na Maniema, Katanga ya zamani, Kasai na Orientale ya zamani, ni saa mbili mbele. Redio zimetuzoeza: saa ya Kinshasa, kisha saa ya Lubumbashi. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, iliendelesha desturi ile.

Redio ilikuwa kengele mupya, lakini kengele ya upole. Hakuna capita anayekushika mukono. Muzee alingojea habari, akasikia alama ya saa, akageuza kifunguo cha saa yake ya mukono. Yeye njo alipanga saa, si saa iliyompanga yeye.

5. Sura ya saa inasema luga mbili

Hapa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawajaliona. Saa ya zamani, ile ya mishale, inajua Kiswahili na Kifransa pamoja. Mushale mufupi ukiwa kwenye 7, mwenye kusoma Kifransa anasema «sept heures». Nyanya anaangalia ngambo ya pili ya sura, pale penye 1, anasema «saa moja». Wote wanaangalia saa moja, wote wana haki. Mishale inazunguka na namba zinatazamana: 7 na 1, 8 na 2, 9 na 3. Hakuna aliyefundishwa jambo hili kwa kitabu. Mutoto alilipata kwa kumuangalia muzazi.

Saa ya namba haina ngambo. Imeandika 7:30, basi. Mutoto anasoma na kumwambia nyanya: «Iko saa saba na nusu.» Kwa nyanya, saa saba na nusu ni kisha chakula cha muchana. Wanaanza kubishana:

– Saa saba gani, na jua bado halijapanda?
– Nyanya, njo vile imeandika!
– Ya kizungu ao ya kiswahili?

Tunacheka, lakini si kichekesho kila mara. Barua ya posta ya afya inasema dawa «à 9 h et à 21 h». Nyumbani inatafsiriwa kama «saa tisa», na mugonjwa anameza saa tisa ya muchana. Mwanafunzi anaambiwa mutihani wa serikali unaanza saa fulani, anasikia ingine. Wakati sura ya mishale inatoka ukutani, mwalimu mumoja wa kimya ametoka nyumbani. Tusipoweka kitu kwa nafasi yake, saa ya kiswahili itakufa bila mutu kuikataza.

6. Saa inayojipanga inasikia wapi?

Sasa turudi dukani. Saa zinazojipanga zenyewe si za aina moja, na muuzaji mara nyingi hajui tofauti.

Aina ya kwanza inasikiliza redio ya mawimbi marefu. Zile za Ulaya zinangojea mutambo wa Mainflingen, karibu na Frankfurt, unaoitwa DCF77, uliojengwa mwaka wa 1959 na unaotuma saa ya atomu kwenye kilohertz 77,5. Sauti yake inafika vizuri kama kilometre 2000. Kutoka kule mupaka Bukavu ni karibu kilometre 6000. Marekani, Uingereza, Japani na Uchina wako na mitambo yao. Sisi katika Afrika ya kati hatuna. Kwa hiyo saa ile ikifika hapa inatafuta, inatafuta, kisha inaacha na kutembea kama saa ya kawaida. Na kuna mutego: wakati wa joto la Ulaya, saa ya Bruxelles inalingana kabisa na yetu. Ndugu akiileta mwezi wa saba, mutasema inajipanga vizuri. Akiileta mwezi wa kumi na mbili, itaonyesha saa ya Kinshasa.

Aina ya pili imepangwa kule kiwandani na ina batri ndogo ndani ya kutunza saa. Nyingi zinatengenezwa kwa soko la Marekani: zinajua New York na Chicago, hazijui Kivu, na zinaweza kuruka saa nzima mara mbili kwa mwaka juu ya saa ya kiangazi ambayo sisi hatuna.

Aina ya tatu inasikiliza satelite za GPS, ambazo ni za jeshi la Marekani. Zinasikika dunia nzima, hata kwetu. Lakini sauti yake ni ndogo sana na haipite bati. Katika nyumba zetu sherti iwe na antena karibu ya dirisha ao inje.

Aina ya nne inatumia intaneti kwa njia ya Wi-Fi. Hii inafanya kazi vizuri ikiwa nyumba iko na intaneti. Uangalie jambo moja: katika orodha ya miji, Kongo ina majina mawili tu, Kinshasa na Lubumbashi. Mutu wa Bukavu, Goma ao Uvira achague Lubumbashi. Akichagua Kinshasa juu ni mji mukubwa, atachelewa saa moja kila siku, na saa yake itakuwa na hakika kabisa.

Hata telefone, ambayo tunaitumainia sana, inasikiliza antena ya karibu. Kwenye mupaka wa Rwanda na Burundi hakuna shida, saa ni moja. Lakini kule Kasindi ao Bunagana, telefone ikishika antena ya Uganda inaweza kuruka saa moja mbele. Mutu analala Kongo, anaamuka na saa ya jirani.

7. Basi tuchague nini?

Kwa nyumba yenye Wi-Fi ya kila siku, saa ya aina ya nne inafaa, kama inakubali Lubumbashi na kama saa ya kiangazi inaweza kufungwa. Iwe na batri ndani, juu umeme unakatika, na saa isiyokuwa na batri inabaki kupepesa sifuri mupaka mutu arudi.

Kwa nyumba zingine, na njo nyingi, tusitupe feza kwa ajili ya neno «inajipanga». Saa ya kawaida ya mishale na ya batri inapoteza kama sekunde 15 kwa mwezi, ao chini yake. Hiyo si kitu. Ukiipanga na redio mara moja kwa mwezi, inatosha kwa masomo, kwa kazi na kwa misa. Na iko na sura ambayo nyanya anaweza kusoma.

Aliyekwisha kununua ya namba asiitupe. Akate karatasi, aandike saa kumi na mbili za kiswahili na za kifransa zikitazamana, aibandike chini ya saa, na mutoto asome zote mbili kwa sauti. Kazi hiyo inaweza kufanywa siku ya posho, wakati watu wako nyumbani. Tena muzazi atapata nafasi ya kumueleza mutoto kwa nini siku ile inaitwa posho.

Ngoma, kengele, janti, redio, satelite: kila kizazi kilisikiliza sauti fulani ili kujua saa. Hatuwezi kukataa sauti za mbali, na hakuna faida ya kuzikataa. Lakini nyumba inayojua sauti hii inatoka wapi inaitumia. Nyumba isiyojua inatumiwa. Mbele ya kutoa feza yako, muulize muuzaji swali moja: saa hii inasikiliza nani?